Matanga ya Pete Isiyokufa

Ukiziba ufa, utajenga ukuta.

Hivyo ndivyo Skolastika Mbano alivyoandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha eksirei, kwa herufi kubwa za mtu aliyekwisha kukasirika na sasa ameanza kufurahia. Kila aliyepita alidhani amekosea. Mpishi aliguna. Mlinzi akamwambia, "Dada, umesahau 'usipo'." Ambakisye, kiongozi wa wachimbaji, aliokota kipande cha chaki, akaisahihisha methali yote, akaenda zake akipiga mluzi. Skola alitoka, akafuta masahihisho kwa kiganja, akaandika upya.

"Wahenga watakulaani," Ambakisye alimwambia aliporudi.

"Wahenga walijenga kwa miti na udongo. Hawakusuka ukuta kwa nyuzi."

"Na wewe umesuka lini? Si kazi yako kuchungulia tu?"

Kuchungulia ndiyo kazi yake kweli, wala hakuionea haya. Ndani ya chumba kile chenye kuta za madini ya risasi ilikaa mashine ambayo wasukaji wa karakana walikuwa wameibatiza Mchungulizi, kwa sababu iliona ya ndani bila kubisha hodi. Ukiweka kitu juu ya meza yake, meza huzunguka kidogo na kusimama, kidogo na kusimama, na kila inaposimama eksirei hupenya na kuacha picha. Kisha kompyuta huzishona picha zote kuwa umbo moja, nawe unaweza kulikata kwa macho kama mkate, kipande baada ya kipande, bila kitu chenyewe kupata hata mkwaruzo.

Vitu vilivyoletwa kwa Mchungulizi vilikuwa pete. Si za vidoleni. Pete za karakana ile ya Tukuyu zilikuwa na upana wa tairi la lori, zimesukwa kwa nyuzi za kauri nyembamba kuliko unywele, zikashibishwa udongo wa kauri na kuchomwa hadi zikawa nyeusi za kung'aa. Zikipangwa moja juu ya nyingine zilifanya koo la Kisima cha Moto, tundu lililochimbwa ubavuni mwa mlima Rungwe hadi kwenye mwamba ulioyeyuka. Koo likikamilika kisima kingepumua, mitambo ingezunguka, na mgao wa umeme, ambao watoto wa kutoka Mbeya hadi Songea walizaliwa wakaukuta kama walivyoukuta mwezi na jua, ungekwisha. Ilibaki pete moja tu, ya chini kabisa, inayokaa jirani na moto kuliko zote. Ya chuma iliyeyuka kama mafuta ya nazi juani. Nne za kauri zilikuwa zimekufa.

Zimekufa, ndivyo walivyosema, maana karakana ile ilikuwa na mila yake. Pete ikitoka tanuruni hupigiwa vigelegele na kupewa jina. Mchungulizi akiikuta na ufa, hufanyiwa matanga. Jambo lilianza kwa mzaha: pete ya kwanza ilipokataliwa wasukaji walilia machozi ya kweli, mmoja akatandika mkeka, mwingine akateleka sufuria, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuacha. Marehemu hulazwa mkekani na kufunikwa khanga. Watu hula, hulia kidogo, hucheka sana, kisha humzika nyuma ya jengo kwenye migomba. Mhandisi Kihwele, mkuu wa karakana, ndiye hukaa kama mfiwa, kwa kuwa ndiye baba wa pete zote.

Siku hiyo kulikuwa na mambo mawili. Asubuhi, matanga ya Tabu, pete ya tano, aliyekutwa na nyufa zisizohesabika. Mchana, makabidhiano ya Malaika, pete ya sita, ambaye hakuwa na ufa hata mmoja.

Na Skola, peke yake, alikuwa na hakika kwamba waliyemlaza mkekani siye aliyestahili kuzikwa.

*

"Mtani, niambie tena, polepole," Mhandisi Kihwele alikuwa amemwambia jana yake ofisini. Yeye Mhehe, Skola Mngoni. Babu zao walipigana hadi wakachoshana, na wajukuu wakarithi haki ya kutukanana bila kununiana. "Polepole, maana nyie Wangoni mnaongea kama watu wanaokimbizwa."

"Nani alimkimbiza nani tuyaache, Mzee. Usije ukalia mbele ya wafanyakazi."

Kihwele alicheka, kiti kikalia chini yake. Skola akamsogezea kioo cha kompyuta.

"Hiki ni kipande cha majaribio, kilisukwa na kuchomwa pamoja na Tabu. Nimekivuta kwenye joto kali huku Mchungulizi akitazama. Unauona huu ufa? Umeanzia kwenye udongo, huo unakuja, huo unakuja, umefika kwenye uzi. Sasa tazama."

Mstari mwembamba ulifika kwenye uzi, ukasita kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa, ukapinda pembeni.

"Umegeuka," alisema Kihwele.

"Umegeuka kwa sababu kila uzi umevaa utando laini. Ufa ukifika pale unateleza, unazunguka, unachoka. Nyuzi zinabaki zimeshika huku na huku kama daraja la kamba. Hizo nyufa zote za Tabu, Mzee, ni nyufa zilizochoka. Hazina pa kwenda."

"Na Malaika?"

"Malaika tulimpaka Kiziba."

Kiziba kilikuwa fahari mpya ya Mamlaka ya Visima: unga mweupe unaopakwa juu ya pete, ambao ukipata joto hugeuka kioo kinachotambaa, kikanusa kila ufa na kuujaza. Skola alifungua picha nyingine. Kipande kilichochomwa na kupakwa pamoja na Malaika kilikuwa safi, cheusi, laini kama maji ya mtungini. Alikivuta mbele ya macho ya Kihwele. Hakikuonyesha kitu, hakikuonyesha kitu, kisha mstari mmoja ukapita toka ukingo hadi ukingo, ukakata udongo na nyuzi pamoja kama wembe kwenye khanga.

"Kioo kimeula utando," alisema Skola. "Kimegandisha uzi na udongo vikawa kitu kimoja. Ufa wa kwanza ukija, hauna wa kuuchosha."

Mhandisi Kihwele alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kama vile tatizo lilikuwa kwenye miwani.

"Kipande si pete, Skola."

"Basi niruhusu nimvute Malaika mzima."

"Pete yenye muhuri haivutwi bila kibali cha Mamlaka. Kibali kikija, mimi na wewe tutakuwa na mvi. Kanuni inasema pete isiyo na ufa, basi. Nimezika wanne. Pale hospitali wanazalisha wazazi kwa tochi. Unataka nikawaambie nini, kwamba aliye safi ni mgonjwa, na mgonjwa ndiye mzima?"

"Maneno hayo hayo. Usibadilishe hata moja."

"Na kama umekosea? Utakuwa umevunja pete pekee tuliyo nayo."

Kipande kweli si pete. Alikuwa na hakika, lakini hakika ya mtu mmoja ni kitu kidogo ukiiweka mizani na kazi ya watu wote. Akatoka kwenda kwa aliyemsuka Malaika.

Mama Subilaga alikuwa ukumbi wa kusukia, miguu imenyooka, bobini za nyuzi zikimzunguka kama vifaranga. Skola alimwambia yote, wala hakupamba.

"Kwa hiyo unataka kumvunja mwanangu," alisema Mama Subilaga.

"Nataka kumjaribu, mama. Nadhani atavunjika."

"Miezi minane mikono yangu imekaa mule ndani."

"Najua."

Mama Subilaga aliuvuta uzi, akaukata kwa meno. Ambakisye, yule mpiga mluzi, alikuwa mwanawe wa kuzaa. Na pete itakaposhushwa, Ambakisye na wenzake ndio watakaosimama mdomoni mwa kisima.

"Pete nitasuka nyingine," alisema hatimaye. "Kuzaa nimeshachoka. Ila mimi sijakutuma, na huyo mkubwa wako hatakuruhusu. Utafanyaje?"

Skola alikuwa tayari anatabasamu. Alikuwa amekumbuka kwamba kesho kuna msiba, na kwamba mfiwa ni Mhehe.

*

Tabu alilazwa katikati ya ua, amefunikwa khanga nyekundu. Masufuria ya ndizi na nyama yalikuwa yanatokota, ngoma ipo, togwa ipo, na mvua ya Tukuyu, ambayo haipitwi na shughuli, ilikuwa imesimama kando ikisubiri zamu yake. Bwana Mushobozi, mkaguzi wa Mamlaka, alikuwa ameshafika kwa ajili ya makabidhiano. Alipewa kiti cha mbele na sahani iliyofurika, na alikula kwa adabu ya mtu asiyeelewa analiliwa nani.

"Marehemu alikuwa mpole," Kihwele alianza, kofia mkononi. "Hakupasuka kwa kishindo. Alipasuka kidogo kidogo, kama..."

"Yuwiii! Tabu weee!"

Skola aliingia amevaa koti la mvua la Kihwele, limemfika miguuni, amefunga mto tumboni, anatembea kwa mwendo wa Kihwele mwenyewe, kisigino kwanza, kidevu mbele. Wasukaji walianguka kwa kicheko. Alizunguka mkeka mara moja, akaifuta miwani isiyokuwepo, kisha akajitupa juu ya pete na kuikumbatia kwa mikono na miguu.

"Maiti haitoki!"

"Mtani, toka hapo," alisema Kihwele, akijikaza asicheke.

"Sitoki! Nyie Wahehe mna hasira, mnazika watu hata hawajapoa! Ada yangu kwanza!"

"Mpeni jogoo."

"Jogoo wa Iringa? Anatembea na koti kwa baridi, nyama ataipata wapi?"

"Mpeni debe la ulanzi."

"Mkilewa nyie nani atazika? Sitaki!"

"Sasa unataka nini, mla panya wewe?"

Skola alinyanyua kichwa. Mto ulikuwa umemchomoka tumboni. Sauti ilibaki ya utani, macho hayakubaki.

"Nataka Malaika aje amuage ndugu yake. Kwa Mchungulizi. Kwenye jeki, kwenye moto, mzigo wote wa kisima, watu wote wakiona. Akitoka mzima, nitamchimbia Tabu kaburi kwa mikono yangu, na nitawapikia mwaka mzima."

Kicheko kilikatika.

Bwana Mushobozi aliweka sahani chini. "Samahani. Hii ni sehemu ya ibada?"

"Mtani hakataliwi msibani, baba," alisema Mama Subilaga. "Ukimnyima, maiti inalala hapo hapo, na aibu ni ya mfiwa."

"Lakini ile pete ina muhuri!" alisema mkaguzi.

Kihwele alikuwa anamtazama Ambakisye, aliyesimama nyuma na bakuli la togwa. Ambakisye alimeza, akapangusa mdomo.

"Mzee, tutakaosimama pale chini ni sisi. Mpe mtani haki yake."

Mvua iliona imesubiri vya kutosha, ikaanza. Kihwele alivaa kofia yake.

"Mchukue," alisema. "Mungu akulaani, mtani wangu, mchukue."

*

Jeki nane zilikaa ndani ya duara la Malaika kama vidole vya mtu anayepima bangili, na koili za joto zikamzunguka hadi akawa mwekundu. Watu walibanana ukumbini, koti moja kwa watu watatu, macho ukutani ambako picha za Mchungulizi zilimwagwa kubwa kama shuka.

"Anayebonyeza ndiye anayejibu," alionya Bwana Mushobozi. "Nataka wote mnisikie."

Skola alibonyeza.

Malaika alikuwa mzuri. Hilo lazima lisemwe. Ukutani alionekana mzima, msokoto kwa msokoto, kazi ya mikono ya Mama Subilaga ikijitokeza kama ukili wa mkeka mpya, na mahali popote ambapo kungekuwa na ufa, kioo cha Kiziba kilikuwa kimejaa na kulainika. Jeki zilisukuma. Robo ya mzigo, kimya. Theluthi, kimya. Mtu akaanza kupiga makofi. Skola, kwa mara ya kwanza tangu jana, aliwaza kwamba huenda mwakani atakuwa mpishi.

Karibu na nusu ya mzigo, mstari ulitokea. Mmoja tu. Haukusita, haukupinda, haukuuliza njia. Ulipita toka ndani hadi nje, na ukuta wa chumba ukatikisika kwa mlio wa sahani kubwa iliyoanguka sakafuni.

Malaika alilala vipande viwili.

Mama Subilaga alilia, na hakuna aliyemcheka. Ambakisye alimshika bega mama yake, akauangalia ule mwanya ukutani, akaupima kwa macho na kimo chake mwenyewe. Hakupiga mluzi.

"Mleteni Tabu," alisema Kihwele.

Wakamleta akiwa na khanga yake. Wakamvua, wakamweka kwenye jeki, wakamwasha. Ukutani alikuwa kichekesho: nyufa kila mahali, nyembamba, zimetapakaa kama mikunjo ya uso wa mtu aliyecheka maisha yake yote. Skola alibonyeza. Robo ya mzigo, nyufa zikafumbuka kama macho. Nusu, zikazaa nyingine. Kila ufa mpya ulitoka mbio hadi kwenye uzi, ukapinda, ukateleza, ukachoka, ukalala. Mzigo wote wa kisima. Tabu alinung'unika ndani kwa ndani, mlio mdogo wa kuni mbichi motoni, akashika.

"Punguza," alisema Kihwele.

"Ongeza!" walipiga kelele wasukaji.

Skola aliongeza. Mzigo na robo. Mzigo na nusu. Hakuna ufa uliovuka. Alipozilegeza jeki, nyufa zilifumba zenyewe moja baada ya nyingine, kama maduka yanavyofunga jioni.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Mama Subilaga, machozi yangali mashavuni, na baada ya hapo hapakuwa na utaratibu tena. Ngoma iliingizwa ndani kwa kuikimbia mvua. Mpishi alitangaza kwamba ndizi zilizopikwa za msiba zinaliwa vizuri zaidi harusini. Kihwele alimpungia Tabu khanga yake, safari hii kama shela ya bibi harusi, akaanza kucheza naye kwa mbali maana bado alikuwa anaunguza. Ambakisye alitoka nje hadi kwenye mlango wa chumba cha eksirei, akatafuta chaki, akasimama mbele ya ile methali kwa muda mrefu. Hakusahihisha. Alichora mstari chini yake.

*

Bwana Mushobozi alimkuta Skola ameketi kwenye ngazi na sahani mapajani, koti la Kihwele bado mwilini. Alikuwa na karatasi ya ripoti. Kihwele alikuja nyuma yake akihema kwa kucheza, na watu, wakihisi harufu ya jambo, wakasogea.

"Bi Mbano, nimeona nilichoona," alisema mkaguzi. "Mimi si kipofu. Ila nina nafasi ya neno moja hapa. Nikiandika ajali, utaomba radhi mbele ya hawa mashahidi kwa kuharibu pete yenye muhuri, yamekwisha, kesho uko kazini. Lakini ajali si ushahidi. Kanuni inabaki, Tabu anabaki mwenye ufa, mtamzika."

"Na neno jingine?"

"Jaribio. Jaribio ni ushahidi. Nitalipeleka kwenye baraza la Mamlaka mwenyewe na nitalipigania. Lakini ni jaribio bila kibali, na leseni yako nitaondoka nayo leo hii. Itarudi lini, sijui. Na kama itarudi, sijui."

Ngoma iliendelea ndani. Skola aliipapasa kadi ya leseni iliyoning'inia shingoni mwake. Miaka mitatu ya chuo, na mama yake aliyeibandika picha ya siku ya kuipokea ukutani sebuleni Peramiho.

"Skola, mwanangu," alisema Kihwele, na safari hii hakusema mtani. "Omba tu. Neno moja. Mimi nimeshasamehe. Ya Tabu tutayatafutia njia."

"Njia ipi, Mzee? Nikiomba radhi nitakuwa nimesema lilikuwa kosa. Mwakani atakuja Malaika mwingine, safi kabisa, na aliyeko chini atakuwa Ambakisye." Alivua kadi, akaiweka juu ya karatasi ya mkaguzi. "Andika jaribio. Na jina langu andika lote, usifupishe."

Bwana Mushobozi aliandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, akapuliza wino ingawa kalamu yenyewe haikuwa ya kuhitaji kupulizwa. Kisha akaikunja karatasi, akaitia kadi mfukoni upande wa moyo, akakohoa.

"Sasa ya karatasi yamekwisha. Nakuuliza kama mtu na mtu. Mmenialika nikabidhiwe pete, mmenivunjia mbele ya macho, na nimekula msibani kumbe ni harusi. Hata nusu radhi sipati?"

"Mimi asiniombe," Mama Subilaga alisema kutoka nyuma, mdomo umejaa ndizi. "Nina pete ya kusuka."

"Robo, basi," alisema mkaguzi, na pembe ya mdomo wake ilikuwa imeanza kumsaliti.

Skola alilamba mchuzi kidoleni, akakaza mkanda wa lile koti kubwa.

"Mtani haombi radhi msibani, Bwana Mushobozi. Na hapa hata msiba wenyewe hakuna. Siombi."